Nilifuta utafiti wa miaka mitatu kwa kipande cha tishu, ili mgeni rasmi asione ukungu kwenye kioo

Wakuu, poleni na mihangaiko. Mlionizidi umri shikamooni, wengine mambo vipi.

Hii ninayoileta si chai. Imenitokea mie mwenyewe, kazini, mchana kweupe. Majina nimebadilisha, taasisi sitaitaja hata mkinibembeleza. Mwenye kunijua humu jukwaani naomba anisitiri.

Naishi Temeke, kazi yangu iko upande wa Kinondoni. Ni fundi sanifu wa maabara. Kwa lugha ya mtaani: naosha chupa, napima unga, nabandika lebo, nabeba mitungi ya gesi. Wenye kuumiza kichwa ni wengine.

Kwenye lab yetu mwenye kuumiza kichwa ni mama mmoja, tumuite Dokta Mwajuma. Mtu wa Kigamboni asilia, kwao ni Kimbiji. Mpole, haongei sana, chai yake anainywa imeshapoa kwa sababu anaisahau kila siku.

Ngoja niwaeleze anachofanya, maana bila hicho uzi hautaeleweka. Wadau wa kemia msinikabe koo, naeleza nilivyoelewa mie.

Dokta anachukua vitu viwili vya asili. Cha kwanza ni sukari. Cha pili ni yale mafuta meusi ya maganda ya korosho, yale yanayokuunguza mdomo ukijifanya mjanja wa kubangua korosho kwa meno. Anaviunganisha viwe molekuli moja: kichwa sukari, mkia mafuta.

Sasa sukari inapenda maji, mafuta hayataki kuyasikia. Lakini wameshafungwa pamoja, hakuna wa kuondoka.

Ni kama harusi ambayo ndugu wa mume na ndugu wa mke hawaivi. Ukumbi ni mmoja, kutoka haiwezekani, basi kila upande unasogea kwa wenzake. Sukari kwa sukari, mafuta kwa mafuta. Mwisho wa siku vinatokea mistari. Mstari wa hawa, mstari wa wale, mstari wa hawa tena.

Na hakuna anayeipanga. Unadondosha tone juu ya kipande cha kioo, unakizungusha kwa kasi mpaka tone linakuwa utando mwembamba, unakiweka kwenye chombo chenye mvuke, unatoa mkono. Molekuli zinajipanga zenyewe.

Mistari yenyewe ni midogo kiasi kwamba unywele mmoja ukiuchana kwa urefu vipande maelfu, ndiyo unaanza kukaribia. Dokta anasema siku moja itatumika kama chapa ya kuchorea nyaya za ndani ya vifaa vya kielektroniki, nyaya ambazo hakuna kalamu wala mashine ya kawaida inayoweza kuzichora. Na malighafi ni sukari na takataka za korosho.

Kwa macho je, unaona nini?

Huoni kitu wakuu. Unaona kioo chenye ukungu kidogo, kama umekipulizia pumzi.

Hapo ndipo matatizo yetu yote yalipoanzia.

Siku moja ikaja barua kwamba kuna mgeni rasmi atatembelea taasisi kuona "matunda ya utafiti". Ofisi nzima ikachanganyikiwa. Geti likapakwa rangi. Maua yakachimbwa kwenye vyungu vya nyuma yakapandwa mbele. Choo ambacho tangu niajiriwe kilikuwa na karatasi ya "kinafanyiwa matengenezo" kikapona ndani ya siku mbili.

Msimamizi wa haya yote alikuwa afisa utawala wetu. Sie tulimpachika jina la Protokali, kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila hilo neno. Ni mtu wa suti hata jua liwe kali namna gani. Na ndiye anayepitisha mikataba ya watu kama mie, mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Hilo mliweke akilini mtakapoanza kunitukana.

Protokali akaja lab, akamwambia Dokta, "Tuonyeshe hayo matunda."

Dokta akamwonyesha kioo.

Protokali akakiangalia. Akavua miwani akakiangalia tena. Akasema, "Dokta, kwa heshima zote, protokali hairuhusu mgeni rasmi aje kuangalia kioo kitupu."

"Si kitupu," Dokta akajibu. "Kina mistari mingi kuliko nywele za watu wote wa Dar."

"Iko wapi?"

"Haionekani."

Protokali akageuka akaniangalia mie, kama vile nimsaidie kumshika mgonjwa.

Uamuzi ukatoka siku hiyohiyo: litengenezwe bango la mbao, kubwa, lenye mistari, liwakilishe molekuli. Na mie ndiye nitumwe Keko kwa mafundi wa fanicha.

Nikaenda Keko nikampata fundi mmoja anaitwa Shomari, bingwa wa vitanda vya kuchonga. Nikampa maelezo: ubao futi nane kwa nne, mistari ya kuchimba, mmoja rangi ya dhahabu, mmoja kahawia, vanishi juu, na kwa maneno ya Protokali, "uwe na mng'ao wa kisayansi."

Shomari akaniuliza, "Hicho kitu chenyewe kina ukubwa gani?"

Nikamweleza habari ya unywele.

Akaweka randa chini. "Sasa kaka, kama ni kidogo hivyo, mbona mnataka ubao wa futi nane?"

Nikamwambia kuna mgeni anakuja. Akasema ahaa, akaendelea kuranda. Mtu wa Dar hilo hahitaji kufafanuliwa mara mbili.

Siku ya ugeni ikafika.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Kesho yake Dokta alikuwa na nafasi ya kwenda kupima kioo chake kwenye taasisi nyingine, ambako kuna hadubini maalumu. Hiyo haina lenzi ya kuchungulia. Ina sindano nyembamba sana inayopapasa kioo kama kipofu anavyosoma kwa vidole, halafu inachora kwenye skrini kile ilichokihisi. Foleni yake ni ya miezi. Dokta alikuwa ameisubiri nafasi hiyo kwa muda mrefu, na kioo alichokiandaa kilikuwa bora kuliko vyote alivyowahi kutengeneza. Miaka mitatu ya kubadilisha vipimo, hatimaye akaona kama amepatia.

Kioo hicho kilikuwa mezani kwake, ndani ya kisahani chenye kifuniko.

Dokta mwenyewe hakuwepo. Alikuwa amepangwa kwenye mstari wa mapokezi getini, ameshikishwa shada la maua. Mtaalamu mwenye kazi yake, anasimamishwa juani kupokea mtu anayekuja kuona kazi yake. Hiyo nayo ni protokali.

Lab tulikuwa wawili. Mie, na Mama Zuhura anayefanya usafi, alikuwa anamalizia kupiga deki akatoka na ndoo yake. Akaingia Protokali kwa ukaguzi wa mwisho.

Akapitisha kidole kwenye rafu. Akanyoosha koti langu. Akafika kwenye meza ya Dokta akafunua kile kisahani.

"Hiki nini?"

"Sampo ya Dokta."

"Mbona kina ukungu? Mgeni atasema hatufanyi usafi. Futa."

Nikasema, "Bosi, ni sampo."

"Sampo ya nini, hakuna kitu hapo! Gari zimeshafika barabara kuu. Futa, mkataba wako unaisha mwezi ujao na bado unabishana na mimi?"

Wakuu, nikachukua tishu. Nikailowesha spiriti. Nikafuta.

Kikang'aa kweli. Nikakirudisha kwenye kisahani, nikafunika.

Nisijitetee kwa presha tu. Ukweli wenyewe ndio huu: nilikuwa nimefanya kazi mle miaka mitatu, na moyoni sikuwahi kuamini kwamba kuna kitu juu ya vile vioo. Nilikuwa naona ukungu. Dokta akisema mistari, naitikia "ndiyo Dokta" kama unavyomwitikia mtu anayekusimulia ndoto. Ningekuwa naamini, mkono wangu ungesita. Haukusita.

Mgeni rasmi akaja, amechelewa saa tatu na ushee. Akapelekwa moja kwa moja kwenye ubao wa Shomari. Kapeti jekundu, utepe, makofi.

Akauangalia kwa makini sana. Akauliza, "Hii mmeiagiza nje?"

Protokali akasema, "Hapana mheshimiwa, ni wataalamu wetu wa ndani." Hapo hakudanganya. Keko ni ndani.

Mgeni akatikisa kichwa. "Na hizi molekuli, kwa sasa mnazo ngapi?"

"Zipo za kutosha, mheshimiwa."

Makofi.

Akaweka kiganja chake juu ya ubao aupapase. Vanishi ilikuwa haijakauka vizuri, Shomari alikuwa ametuonya. Kiganja kikanata. Akakibandua taratibu, akakiangalia, akatabasamu mbele ya kamera. "Zinashika!"

Makofi zaidi. Kwenye hotuba akaagiza molekuli zisambazwe wilaya zote, zianze na vijijini.

Dokta alikuwa amesimama nyuma kabisa na mkono mtupu, maua keshapokonywa. Hakuna aliyempa nafasi ya kusema hata sentensi moja. Mgeni alimsalimia akamuuliza, "Na wewe mama uko idara gani, mapishi?"

Kesho yake Dokta akaondoka asubuhi na kisahani chake, kakifunga kwenye kitambaa kama mtoto mchanga. Akarudi saa nane mchana.

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti chake, akasema, "Sindano imepapasa kioo kizima. Hakuna kitu. Kimefutwa, kinanuka spiriti. Nani alikuwa humu jana?"

Nikaanza kupanga chupa ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Protokali akaitwa. Akajibu haraka kabla hata swali halijaisha, "Mfanya usafi. Alikuwa humu na ndoo, nilimwona kwa macho yangu."

Akanitupia jicho moja tu.

Nikanyamaza.

Mama Zuhura akaitwa. Ni mama wa makamo, mkazi wa Tandale, mjane, kwenye hilo jengo kaanza kazi kabla yetu wote. Akaelezwa tuhuma. Akasema, "Mie meza ya Dokta sijawahi kuigusa hata siku moja. Namwachiaga na vumbi lake. Dokta, si kweli?"

Dokta aliinamisha kichwa. Alikuwa ameumia, na mtu aliyeumia anataka awepo wa kulaumiwa. Hakumtetea.

Akaambiwa aache joho la kazi, akasubiri uamuzi nyumbani. Hakulia. Alisema, "Nipeni kwa maandishi." Hawakumpa. Akakunja joho, akaliweka juu ya kiti akiwa amelinyoosha makunyanzi, akaondoka.

Siku nne nilikuwa nakwenda kazini, naosha chupa, narudi. Mke wangu akauliza kama naumwa. Nikasema malaria. Nikanywa dawa ya malaria kuulinda uongo wangu. Sijui kama mmewahi kufika huko.

Siku ya tano, Jumamosi, nikaenda Tandale.

Nilimkuta sokoni kwenye meza ya dada yake, anachambua nyanya, mbovu huku, nzima huku. Aliponiona akafuta mikono haraka. Akanitafutia ndoo akaigeuza nikalie. Akaagiza chai na chapati. Alidhani nimekuja kumpa pole! Akamwambia dada yake, "Unaona? Kazini si wote wabaya, huyu kanitafuta."

Nikairudisha chapati kwenye sahani.

Nikamwambia. Nilimwambia huku naangalia nyanya. Nani kasema futa, nani kafuta, nani kanyamaza.

Dada yake alisimama na nyanya mbovu mkononi, nikajua sasa napigwa. Mama Zuhura akamzuia. Akaendelea kuchambua kidogo, kisha akasema:

"Sasa mie unaniambia ili iweje? Mie najua sikufuta. Kamwambie asiyejua."

Basi. Chai nilimalizia nimesimama.

Jumatatu kulikuwa na kikao. Nikanyoosha mkono kwenye "mengineyo". Nikasema mbele ya wote: kioo nilifuta mie, kwa agizo la afisa utawala, na Mama Zuhura hakuhusika.

Protokali akacheka. "Mimi nilisema apanguse vumbi. Kufuta na kupangusa ni vitu viwili tofauti."

Kikao kikatumia dakika arobaini kujadili tofauti ya kufuta na kupangusa. Naapa. Mmoja alipendekeza iundwe kamati ndogo.

Muhtasari ulipotoka uliandikwa hivi, ninao mpaka leo: "Kioo kilifutika katika mazingira ya maandalizi." Kilifutika wakuu! Kiswahili chetu ni kitamu, kina kitenzi cha kumficha kila mtu.

Mie nikapewa barua ya onyo. Protokali akapewa cheti cha kufanikisha ugeni. Mama Zuhura akarudishwa kazini kwa simu ya sekunde kumi, bila samahani.

Baada ya kikao Dokta aliniita. Nilitegemea matusi, ningefarijika.

Akaniuliza, "Unajua ulichokifuta kilikuwa nini?"

Nikaanza kueleza sukari, mafuta. Akanikatisha. "Umewahi kuiona?"

"Hapana Dokta."

"Miaka mitatu?"

"Hapana."

Kisha akasema, "Kesho uje na glavu. Kioo kipya utakitengeneza wewe."

Wakuu, ndiyo nikaijua kazi. Nilipanda bodaboda mpaka Kimbiji kwa mjomba wake kuchukua gunia la maganda ya korosho, njia ya vumbi na mashimo, nimelikumbatia gunia kama mchumba. Nikakamua mafuta. Glavu ikachanika bila mie kujua, ngozi ya vidole ikababuka, nikala ugali kwa kijiko wiki nzima. Nikasafisha, nikaunganisha na sukari, nikaharibu. Nikarudia, nikaharibu. Mara ya tatu ikawa gundi, chupa tukaitupa. Dokta hakunisaidia hata kunishikia kifuniko. Alikuwa akipita anasema "moto mwingi" au "una haraka", anaenda zake.

Kuna siku nilikaa chini nikaelewa kwamba kila kimoja cha vile vioo nilivyokuwa navioshea vyombo kilikuwa na uchovu wa aina hii ndani yake. Nikaona aibu upya, mbaya kuliko ya Tandale.

Nafasi ya hadubini tuliisubiri tena miezi. Katikati hapo watu wa nchi nyingine wakatoa kazi inayofanana na ya Dokta, wakawa wa kwanza. Aliisoma kwenye kompyuta, akaifunga, akaenda kuswali. Siku hiyo sikumsemesha.

Zamu ilipofika, Dokta alipita kwanza stoo ya usafi. Akamwambia Mama Zuhura, "Dada yangu, nilikubali usingiziwe kitu ambacho hata hujawahi kukiona. Nisamehe. Twende ukakione."

Mama Zuhura akaangalia ndoo, akaangalia Dokta. Akavua joho, akafunga mtandio vizuri. Tukaenda watatu.

Sindano ikaanza kupapasa. Skrini ikawa inajichora taratibu kutoka juu, mstari kwa mstari.

Na mistari ikaja.

Ilikuwepo. Mstari wa dhahabu, wa kahawia, wa dhahabu, umekaa sawasawa kama shamba lililolimwa kwa trekta. Hakuna aliyeichora. Mie nilidondosha tone nikatoa mkono. Nikajifanya nakohoa.

Yule kijana mwendesha mashine akasema safi. Dokta alikuwa ameshika kingo za meza.

Mama Zuhura akasogea karibu na skrini, akainamisha kichwa upande. Akanyoosha kidole kwenye kona ya chini.

"Dokta, samahani, mie sijasoma. Lakini mbona hapa imejikunja, kama nywele zimesukwa na mtu mwenye haraka? Ni pale kioo kilipokauka kwanza?"

Dokta alimgeukia.

"Rudia," akamwambia, huku anatafuta kalamu.

Mikunjo kama ile ya kona ilikuwa inajirudia kwenye vioo vyake, na ndiyo iliyokuwa inamkosesha usingizi miaka miwili. Wakaketi wote wawili mbele ya skrini. Mama Zuhura akaeleza vioo vya madirisha anavyovifuta vinavyoanza kukauka pembeni, na ukungu unavyokimbilia katikati. Dokta akawa anaandika. Mie nikatumwa kutafuta chai.

Nilichojifunza? Kwamba nilikuwa nimejiweka kundi moja na wale waliopiga makofi pale kwenye ubao. Tofauti yetu ni kwamba mie nilikuwa nalala na kuamka jirani na kitu cha kweli, na sikuwahi kuomba nionyeshwe. Mtu asiyejua thamani ya kitu anaagizika kirahisi. Na ukishakosea, mtu wa kwanza wa kumwambia si yule atakayekuhurumia, ni yule asiyejua.

Haya, uwanja ni wenu. Wa kunitukana atukane, nimeshajitukana vya kutosha, hamtaniongezea kipya. Ila kama na wewe kazini kwako uliwahi "kupangusa" kitu kwa ajili ya ugeni, kiandike hapa chini. Na uandike nani alilaumiwa.